Studio za nyumbani Tanga zinauziwa kelele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalowahusu vijana wanaofungua studio vyumbani mwao hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, wanaorekodi kaswida, taarabu, singeli na matangazo ya biashara. Wengi wao wakiingia dukani kuulizia kompyuta ya kurekodia huoneshwa ile ya kuchezea gemu: kioo ubavuni, feni sita zinazowaka rangi, kadi ya grafiki kubwa kama tofali. Wanaambiwa ina nguvu. Nguvu inayo, sibishi. Lakini mtu alikwenda kununua kompyuta ya studio, amerudi na mashine ya kuvuma, na mvumo ukishaingia kwenye rekodi hakuna plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) inayoutoa bila kuondoka na kipande cha sauti ya mwimbaji.

Madhara yake yanaonekana kwenye hesabu. Feni ikiingia kwenye maiki kidogo tu, wakati wa kurekodi husikii. Ukija kuweka kompresa, ile inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, na kuinua sauti ya mwimbaji kwa desibeli 12, jambo la kawaida kwenye miksi, mvumo nao unapanda desibeli 12 zilezile kila mwimbaji anaponyamaza kuvuta pumzi. Sasa chukua kikundi cha kaswida kinachorekodi kwa maiki moja, mtu mmoja mmoja, sauti nane za kiitikio. Kila sauti imebeba feni yake. Mivumo minane iliyo sawa ikijumlishwa huongezeka takriban desibeli 9. Hapo ndipo prodyuza anapolaumu maiki, ananunua nyingine ya bei mbaya, na hiyo mpya kwa kuwa ina masikio makali zaidi inaileta feni vizuri kuliko ile ya kwanza.

Feni haizunguki kwa kupenda, inazunguka kwa sababu kuna joto la kutoa. Ndiyo maana swali la kwanza dukani halihusu feni. Linahusu prosesa, ubongo wa kompyuta: ikibanwa na kazi inakula wati ngapi? Msiridhike na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Core i5-12400 imeandikwa wati 65 lakini inaruhusiwa kupanda hadi 117. Ryzen 7 7700 nayo imeandikwa 65, na kikomo chake ni 88. Core i9-14900K inafika 253, yaani karibu mara tatu ya hiyo Ryzen, na joto lote hilo lazima litoke ndani ya kasha kwa upepo, na upepo una sauti.

Kwa Tanga kuna jambo la pili ambalo video za mtandaoni haziwaambii. Majaribio mengi ya vipoza joto vya prosesa hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Chumba cha Makorora mwezi wa pili, madirisha yamefungwa ili pikipiki zisisikike, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu nacho kinavuma, kinafika nyuzi 32 bila taabu. Joto la prosesa hupanda karibu sawasawa na joto la chumba. Kipoza joto kilichoonesha nyuzi 70 kwenye video ya Ulaya, huku kitaonesha 80, na feni zitaongeza kasi kuifukuzia tofauti hiyo. Kwa hiyo pokeeni kila kipimo cha ukimya cha mtandaoni kwa kuongeza nyuzi kumi kwanza, ndipo mwamue.

Mimi ningechagua Ryzen 5 7600 au Ryzen 7 7700. Zote mbili zina grafiki ndani yake, hivyo hamhitaji kadi ya pembeni. Kwa mfuko mdogo zaidi, Ryzen 5 5600G bado inabeba kazi ya kawaida ya studio. Kwa upande wa Intel, i5-12400 inafaa, ila angalieni herufi ya mwisho: i5-12400F haina grafiki, na mtu aliyeinunua kwa kuwa ni nafuu kidogo hulazimika kurudi dukani kununua kadi ili skrini iwake. Msitishwe na anayesema viini sita, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, ni vichache. Mlolongo wa plagini kwenye njia moja ya sauti hufanyiwa kazi na kiini kimoja, hivyo kasi ya kila kiini ina faida kubwa kuliko kuwa na viini 16 vinavyosubiri. Na aliyekwisha kununua Ryzen 7 7700X asiiuze. Aingie kwenye bayosi (mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), atafute Eco Mode, hali ya kubana umeme, achague wati 65, na kikomo kitashuka kutoka 142 hadi 88. Kasi inayopotea ni ndogo kuliko joto linaloondoka.

Kadi ya grafiki, kama hamhariri video, iacheni. Ina feni zake mbili au tatu, ina joto lake, na nyingine hutoa mlio mwembamba wa koili kama mbu aliye mbali, mlio ambao maiki huupenda sana.

Kipoza joto kinachokuja bure na prosesa kina feni ndogo iliyolala karibu na mazabodi, bodi kuu ya kompyuta, na ili itoe upepo wa kutosha lazima ikimbie. Badilisheni. Mnara wa mapezi ya alumini wenye feni ya milimita 120 au 140 unatosha: Thermalright Peerless Assassin 120 SE una urefu wa milimita 155, Noctua NH-U12S 158, na NH-D15 ni 165. Nataja urefu makusudi. Kasha linaloruhusu milimita 160 halifungi mfuniko juu ya kipoza joto cha 165, na hilo hugundulika usiku, kila kitu kimeshafungwa na pesti ya kupitisha joto imeshapakwa. Pesti yenyewe iwe tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati, skrubu zikazwe kidogokidogo kwa zamu, na ile karatasi ya nailoni iliyo chini ya kipoza joto ibanduliwe kwanza. Msicheke. Mashine nyingi zinazodaiwa kuwa na prosesa mbovu inayochemka, ukizifungua unaikuta ile nailoni ingali pale.

Kipoza joto cha maji sikipendekezi kwa studio. Kina pampu inayolia muda wote hata kompyuta ikiwa imekaa bure, na bado kina feni kwenye rejeta. Pampu ikifa, mashine yote imesimama. Feni ya mnara ikifa, mnanunua nyingine na kuibana kwa klipu mbili.

Sasa feni za kasha, na hapa niruhusu nikawie. Upepo wa feni huongezeka sambamba na kasi yake, lakini kelele hupanda kwa kasi kubwa zaidi: feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, kelele hushuka takriban desibeli 15. Wakati huohuo, feni mbili zinazofanana huongeza desibeli 3 tu juu ya moja. Yawekeni pamoja mambo hayo mawili. Feni moja ikizunguka mara 1,400 kwa dakika inaweza kupisha feni mbili za mara 700 kila moja. Upepo ni uleule kwa makadirio, kelele imepungua desibeli 12 hivi. Hiyo ndiyo siri yote ya kompyuta kimya: feni kubwa zinazokwenda taratibu. Mbili za milimita 140 mbele zikiingiza hewa, moja nyuma ikitoa, zote kati ya mizunguko 500 na 800. Feni sita za rangi zinazouzwa kwa kifurushi mara nyingi ni za waya tatu au za plagi ya pekee, haziongozeki vizuri kutoka kwenye mazabodi.

Wengi hununua feni nzuri kisha wakaziacha na mpangilio wa kiwandani. Ingieni kwenye bayosi, sehemu ya feni. Feni yenye pini nne ipewe PWM (kuongozwa kwa mapigo ya umeme), yenye pini tatu ipewe DC (kuongozwa kwa volti). Ukiipa ya pini tatu PWM itakimbia mwendo wote bila kujali joto. Wekeni asilimia 35 hadi 40 mpaka prosesa ifike nyuzi 60, asilimia 60 kwenye nyuzi 75, na mwendo wote kuanzia 85. Kisha tafuteni mahali pa kuchelewesha mabadiliko, mweke sekunde tatu hadi tano. Pasipo kuchelewesha, kila plagini inapofunguka feni hupanda na kushuka, na sauti inayopanda na kushuka ni mbaya kuliko mvumo mkubwa kidogo uliotulia, kwa sababu hata programu ya kusafisha kelele haiwezi kuishika.

Kuna mafundi wanaobandika sponji ndani ya kasha wakiamini wanazuia sauti. Sponji ya sentimita moja haizuii mvumo wa chini. Inachofanya ni kushika joto, na kwa hewa yetu hii, kunywa unyevu. Kasha la matundu mbele lenye feni za polepole linashinda kasha lililofungwa likavikwa sponji.

Pawa saplai isiwe ile inayokuja ndani ya kasha la bei rahisi. Mashine niliyoieleza haifiki wati 150 ikiwa kazini, kwa hiyo ya wati 550 yenye jina la kuaminika itakuwa inafanya kazi kwa robo tu ya uwezo wake. Chagueni aina ambayo feni yake husimama kabisa mzigo ukiwa mdogo. Corsair RM650x ni mfano, na baadhi ya Seasonic zina swichi nyuma ya kuwasha au kuzima tabia hiyo. Zipo pia zisizo na feni kabisa, ila kwa joto letu sioni haja ya kulipia zaidi.

Diski inayozunguka itoke ndani ya chumba. Ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kila sekunde, na mtetemo huo wa hezi 120 hupita kwenye kasha, ukashuka kwenye meza, ukapanda stendi ya maiki. SSD, diski ya chipu, haina kinachozunguka. Wala msiuziwe SSD ya kasi ya kutisha: njia moja ya sauti ya biti 24 kwa hezi 48,000 ni megabaiti 8.64 kwa dakika. Njia 16 kwa pamoja hazifiki megabaiti 3 kwa sekunde. SSD yoyote nzima inazimudu huku imelala. Ram gigabaiti 16 inatosha anayerekodi maiki. Anayetumia maktaba kubwa za ala aweke 32, vipande viwili vya 16.

Kwenye mazabodi tahadhari ni mbili. Nyingi za X570, aina ya mazabodi za AMD, zina kafeni kadogo juu ya chipu, na kafeni hako ndiko hufa kwanza na hulia kwanza. B550 nyingi hazina. Halafu mwaka 2021 AMD wenyewe, watengenezaji wa Ryzen, walikiri kwamba mazabodi za kizazi hicho zilikuwa zinapoteza mawasiliano ya USB kwa vipindi, wakatoa marekebisho kupitia toleo la bayosi lenye msimbo wa AMD uitwao AGESA 1.2.0.2. Ukinunua iliyotumika na saundi kadi (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) inakatikakatika katikati ya wimbo, sasisha bayosi kabla hujaitupa saundi kadi.

Niongeze neno kwa wanaonunua mashine za ofisi zilizotumika, maana ndizo nyingi mjini. OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP zenye prosesa ya kizazi cha nane, kama i5-8500, zinarekodi vizuri na nyingi ni tulivu zikiwa hazina kazi kubwa. Ugumu wake ni kwamba pawa saplai na plagi za feni mara nyingi ni za kampuni husika, si za kawaida, hivyo kubadilisha feni kunahitaji adapta. Za chini ya kizazi cha nane ziacheni: Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na kwa haki, MacBook Air ya M1 haina feni hata moja. Aliyeipata nzima kwa bei nzuri anaweza kuifunga barua hii hapa.

Sisi tulio pwani tuna adui mwingine, chumvi. Fungueni kasha lililokaa mwaka mmoja karibu na bahari, mchomoe chujio la mbele. Vumbi lake si kavu, limeshikana kama ugali wa kijivu na kidole kinanata. Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na masika sisi tunaishi humo usiku na mchana. Tope hilo likiziba chujio, hewa inapungua, joto linapanda, feni zinakimbia, na kompyuta iliyokuwa kimya mwezi wa kwanza inalia mwezi wa sita bila kitu chochote kuharibika. Chujio lioshwe kila mwezi kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, likaushwe kivulini hadi likauke kweli. Mkipuliza ndani kwa blowa, shikilieni panga la feni kwa kidole, maana likizungushwa kwa upepo mkali beringi inaumia, na hapo mmejitengenezea mlio mpya. Na msipoze chumba kwa kiyoyozi hadi kiwe baridi kabisa kisha mkafungua madirisha ghafla mashine ikiwa imezimwa: hewa ya nje ikigusa chuma baridi huacha umande, ndani kama nje.

Umeme nitausema kwa kifupi. UPS iwe inayotoa wimbi safi la umeme (pure sine wave). Zile za wimbi la kuiga hufanya baadhi ya pawa saplai za kisasa zilie au zizimike pale umeme unapokatika, yaani wakati uleule zinapohitajika. UPS ya onlaini, ile inayofanya kazi muda wote, ina feni isiyosimama, na stabilaiza ya rilei hubofya kila volti zinapoyumba, kwa hiyo zote mbili zikae nje ya chumba cha maiki. Mkisikia mngurumo wa hezi 50 kwenye spika, mwiteni fundi umeme apime ethi. Kuna wanaokata pini ya ethi kwenye plagi na mngurumo unaisha kweli, lakini kuanzia siku hiyo kasha la chuma linaweza kubeba umeme na mwimbaji ameshika maiki ya chuma. Msikate.

Yote hayo yakifanyika bado mahali pa kuiweka mashine pana uzito kuliko pesa iliyotumika. Maiki ya kadioidi, kama Shure SM58, haisikii vizuri kinachotoka nyuma yake moja kwa moja. Kompyuta ikae huko. Ya superkadioidi, kama Beta 58A, uziwi wake uko pembeni kidogo, takriban digrii 126 kutoka mbele, hivyo mashine isogezwe pembeni mwa mgongo wa maiki. Isikae juu ya meza iliyobeba stendi. Chini ya miguu yake wekeni vipande vinne vya soli ya kandambili, vinafyonza mtetemo kuliko vile vimpira vya kiwandani. Msiifungie kabatini, itapumua hewa yake yenyewe na baada ya nusu saa itapiga kelele kuliko ilipokuwa wazi.

Kilicho bora zaidi ni kuitoa nje ya chumba. Tundu la ukutani la kuingia bomba la plastiki la inchi mbili linapitisha waya wa skrini na wa USB, kisha mnaliziba kwa kitambaa pande zote mbili. USB 2.0, ambayo saundi kadi nyingi bado zinaitumia, inaruhusiwa mita 5; zaidi ya hapo inataka waya wenye kikuza mawimbi, la sivyo mtapata mikatiko. Aliye na ukuta wa jirani upande huo arefushe waya za maiki badala yake, maana za XLR hukimbia mita 20 bila kulalamika. Masika ikipiga bati, hilo ni suala jingine, hakuna feni wala prosesa itakayowasaidia.

Mashine ikiwa tayari, endesheni LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji ndani ya Windows, dakika kumi. Ikionesha rangi nyekundu, mara nyingi mkosaji ni draiva ya Wi-Fi. Izimeni wakati wa kurekodi. Rekodini kwa bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128, ambayo kwa hezi 48,000 ni milisekunde 2.7, na wakati wa kumiksi mpandishe hadi 1,024 ili prosesa ipumue.

Wenye maduka nao nawaomba mambo mawili: waandike kwenye tangazo wati za juu za prosesa na ukubwa wa feni, na wamruhusu mteja aje na saundi kadi, maiki na hedifoni zake. Mashine iwashwe dakika 20, mfuniko ukiwa umefungwa, wimbo wenye plagini nyingi ukicheza bila spika. Maiki iwekwe mita moja kutoka kwenye kasha, zirekodiwe sekunde 30 za kunyamaza, kisha rekodi ipandishwe desibeli 40 na kusikilizwa kwa hedifoni. Barabara itasikika, watu watasikika. Kama katikati ya hayo yote feni bado inajitokeza, mteja arudishe hela yake mfukoni, aombe kuoneshwa nyingine.

Fundi wa sauti,
Chumbageni, Tanga